Tushauriane Kabla ya Kuthibitisha Chuo

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba nyingi za Manyovu, wilayani Buhigwe, huingiwa na furaha. Kabla furaha hiyo haijapoa, kijana hupanda gari kwenda mjini kutafuta intaneti, na jioni hurudi akiwa ameshaomba chuo. Ukimuuliza kwa nini amechagua hicho, hujibu kuwa wenzake wote wameomba hapo. Ndugu wazazi, katika hili tumelala.

Tangu mwaka 2017, maombi ya shahada ya kwanza hayapitii tena mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Mwombaji huomba moja kwa moja chuoni, na udahili hufanyika kwa awamu. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu. Anayesubiri awamu ya pili aweza kukuta kozi aliyoitamani imekwishajaa. Kwa hiyo awamu ya kwanza si ya kubahatisha, na kuthibitisha ni kufunga ahadi.

Tujiulize mapema: je, alama za kijana zinafikia sifa zilizotajwa katika mwongozo wa TCU? Je, kozi hiyo itamfikisha kwenye kazi ya halali anayoiweza? Je, gharama tunazimudu? Kutoka Manyovu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na fedha ya kahawa na maharage haiji kila mwezi. Mkopo nao huombwa peke yake Bodi ya Mikopo. Si kila mwombaji huupata, wala wote hawapewi kiasi sawa. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowatia baadhi yetu hofu ya riba, ilifutwa mwaka 2021. Basi tusiwazuie watoto kwa habari za zamani.

Wapo watakaosema kijana ameshakua, aachwe aamue mwenyewe. Ni kweli, msomaji ni yeye. Lakini shura si amri. Baba anayeng'ang'ania udaktari kwa ajili ya sifa ya ukoo, ilhali mwanawe anapenda ualimu, naye hajashauriana, ameamrisha. Na binti aliyefaulu asiambiwe achague chuo cha karibu kwa sababu tu ni binti. Aulizwe kama anavyoulizwa kaka yake.

Qur'ani Tukufu imewasifu waumini ambao mambo yao huyaendesha kwa kushauriana, na Mtume (S.A.W.) aliwafundisha Maswahaba swala ya istikhara. Tukae pamoja, tuwaulize waliotangulia vyuoni, kijana aswali rakaa zake mbili, kisha ndipo athibitishe. Akifanya hivyo, hata njia ikiwa ngumu, hatakuwa na wa kumlaumu, wala sisi hatutajilaumu.

Wabillahi tawfiq.