Hifadhi Sio Uwanja wa Misele, Ila Wapanda Pikipiki Nao Wapewe Chao

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu juzi. Staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, yuko kwenye geti la hifadhi na washkaji zake saba. Pikipiki zao sio hizi za kubebea abiria. Ni zile ndefu za vumbi, matairi yana kashata nene, ekzosi zinaunguruma mpaka video inatetemeka. Askari wa geti, mtu wa makamo, hana presha. Anasema tu, "Mdogo wangu, pikipiki haziingii humu." Staa anageukia kamera: "Mnaona wadau? Mzungu anaingia, mimi mwenye nchi nazuiwa!"

Hapo ndipo komenti zilipolipuka. Nusu ya watu wanasema jamaa kaonewa, nusu wanasema anatafuta kiki. Na wote wamekosea kidogo.

Hilo la Mzungu liishe kwanza. Mtalii wa nje anaingia kwa gari, anapita njia iliyochongwa, na kiingilio chake ni cha dola wakati Mtanzania analipa kwa shilingi, tena kidogo zaidi. Dereva wake akiacha njia kumfuata chui, akikamatwa ni faini. Kwa hiyo pale getini hakuna ubaguzi, kuna sheria. Kwenye hifadhi za taifa huendi kutalii kwa pikipiki, na gari haliachi njia. Sababu mojawapo haihitaji hata shule: simba hajui nani ana wafuasi wangapi, na mtu aliye juu ya pikipiki hana mlango wala kioo.

Kuna atakayesema, mbona Mikumi bodaboda zinapita? Zinapita, kwa sababu ile ni barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, imekatiza hifadhi kwa karibu kilomita 50, na malori na mabasi yanaitumia usiku na mchana. Watu wanapita kwenda zao, hawachezi. Na hata hivyo wanyama wanagongwa pale kila leo, mpaka kuna bango la faini, kila mnyama na bei yake. Hiyo ni njia moja tu ya lami. Sembuse kila mtu akichonga ya kwake?

Tatizo sio pikipiki ya kwanza

Wapanda pikipiki wengi sio watu wabaya. Ukimuuliza mmoja mmoja atakwambia, "Mimi nikipita naacha nini pale?" Na kwa yeye peke yake, yuko sahihi. Anaacha mstari tu.

Shida ni kwamba wa pili anaufuata ule mstari. Wa kumi anakuta umeshakuwa tope, anapita pembeni, na wa ishirini anapita pembeni ya pembeni. Udongo unashindiliwa mpaka nyasi zinakata tamaa kuota. Mvua ikija, maji hayana akili ya kuchagua, yanafuata mfereji uliokwisha chimbwa. Baada ya misimu michache ule mstari ni korongo, na aliyeuanzisha hana habari, yuko mjini anaposti kitu kingine. Hapo bado kelele, bado mafuta yanayodondoka, bado ekzosi iliyochemka kwenye nyasi kavu za kiangazi.

Na wanyama je? Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa duma wa Maasai Mara kule Kenya. Maeneo yenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kukuza wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao. Maeneo yenye watalii wachache, wastani ulikuwa 2.3. Na hao ni watalii wa magari yanayotembea polepole, watu wamekaa wanapiga picha. Hakuna aliyekuwa anaruka vichuguu.

Ila hoja yao nayo sio ya kutupa

Tukiacha kiki pembeni, kijana wa Dar mwenye pikipiki ya vumbi ana swali la haki: nikaendeshe wapi? Ufukweni kuna watoto wanacheza. Machimbo ya mchanga yana wenyewe na yana mashimo. Mtaani ni kuua watu. Mpanda mlima ana njia zake, mtembea kwa miguu ana zake, na ukienda Pugu utakuta wapanda baiskeli nao wanapewa nafasi msituni. Yeye anaambiwa "hapana" halafu basi, hakuna sentensi ya pili.

Ukimwambia mtu hapana bila kumwonyesha pengine, hujamzuia. Umemfundisha kupita usiku, au kupita upande ambao hauna geti. Na hawa watu wana hela. Wanajaza mafuta, wanalala gesti, wanakula kwa mama ntilie, wanalipa fundi wa kijijini pale mnyororo unapokatika. Kuwafukuza tu ni kufukuza na mkwanja wao.

"Mali ya umma", umma upi?

Sasa hapa ndipo pagumu. Chukua huo huo msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, upande wa Kisarawe, sio mbali na Gongo la Mboto. Ni moja ya vipande vilivyobaki vya misitu ya pwani, jiji limeufikia mlangoni na mkaa umeutafuna miaka na miaka. Mama wa jirani akiingia na panga kukata mti wa kuni, akikamatwa ana kesi. Akijitetea kwamba watoto hawajala, anaambiwa: mama, huu msitu ni mali ya umma, unatunzwa kwa faida ya wote.

Halafu anakuja jamaa na pikipiki ya mamilioni, anasema: nifungulieni, huu msitu ni mali ya umma.

Maneno ni yale yale. Kwa mama yamekuwa kufuli, kwa staa anataka yawe ufunguo. Kama nchi imemwomba mtu wa kipato cha chini avumilie, anunue gesi, atembee mbali kutafuta kuni, basi mtu wa kujirusha wikiendi hawezi kuingia kwa hoja ya "mimi mwenye nchi". Na yule mama ni mwenye nchi. Tena yeye ndiye anayekaa pale.

Hii haimaanishi staa afungiwe milele. Inamaanisha akija, aje na kitu mkononi.

Wenzetu wamepita huku

Marekani walikutana na hii ngoma zamani. Mwaka 1972 Rais Nixon alisaini amri kwamba taasisi zinazosimamia ardhi ya serikali kuu zichague wazi maeneo na njia ambazo vyombo vya aina hii vinaruhusiwa, na ambazo haviruhusiwi. Mwaka 1977 Rais Carter akaongezea: njia ikionekana inaharibu sana udongo, mimea au wanyama, ifungwe. Yaani hawakusema ndiyo kwa wote wala hapana kwa wote, wakachora ramani.

Je, ugomvi uliisha? Wapi. Kule Oceano Dunes, California, watu wanaendesha kwenye machuguu ya mchanga pembeni ya bahari. Kuna ndege wadogo wanaotaga pale chini kwenye mchanga, kwa hiyo msimu wa kutaga sehemu inawekewa uzio. Vumbi nalo linapeperuka mpaka kwenye makazi ya watu. Mwaka 2021 tume ya pwani ya jimbo ilipiga kura mchezo uishe ndani ya miaka mitatu, wapanda wakaenda mahakamani, na mwaka 2023 jaji akautengua uamuzi huo. Funzo ni kwamba ukichelewa kupanga mapema, mtakuja kupangiwa na mawakili.

Ila mfano mtamu zaidi uko hapo jirani. Kenya wana Rhino Charge, ilianza 1989. Magari yanaingia porini kusiko na njia, na mshindi sio mwenye spidi. Mshindi ni anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Mahali penyewe panafichwa mpaka karibu na siku yenyewe, na sio pale pale kila mwaka, kwa hiyo ardhi inapata muda wa kupumua. Na washiriki wanachangisha hela kwa ajili ya uhifadhi. Hela hizo ndizo zilizosaidia kujenga uzio wa umeme kuzunguka Aberdare, karibu kilomita 400, ukakamilika 2009. Watu wa magari ya porini, wale wale wanaoitwa waharibifu, wameacha uzio unaolinda msitu na mashamba ya majirani. Leo wakigonga hodi mahali, kuna cha kuonyesha.

Basi wapewe chao, ila kwa masharti

Serengeti hapana. Pugu hapana, kipande chenyewe kimebaki kidogo. Lakini sio kila ardhi ya umma ni ya namna hiyo. Kuna misitu ya kupandwa, kama Sao Hill kule Mufindi, ambayo tayari ina barabara za malori ya magogo. Siku chache kwa mwaka, nje ya kipindi cha hatari ya moto, kwenye njia zilizowekewa alama, ni jambo la kukaa mezani na TFS. Kuna machimbo yaliyokwisha kazi. Kuna ardhi za vijiji, ambako mkutano wa kijiji ukikubali, kijiji ndicho kinachovuna kiingilio.

Na wapanda pikipiki nao wakue. Wasajili chama. Kila pikipiki iwe na namba kubwa inayosomeka, ili mmoja akichepuka ajulikane. Ekzosi za fujo zibaki nyumbani. Waweke dhamana kabla ya mbio, na njia ikiharibika itengenezwe kwa hela hiyo. Wakipita karibu na msitu, sehemu ya mapato iende kwa kina mama wa pale, majiko banifu au miche ya miti ya kuni, kitu kinachoshikika. Siku yule mama akisema "hao vijana waje tena", watakuwa wamepata kibali kikubwa kuliko cha ofisi yoyote.

Na wakubwa wenye mihuri, barua ya vijana ikifika isilale kwenye droo. Jibu liwe na sentensi ya pili: hapa hapana, pale inawezekana, masharti ni haya.

Ukiirudia ile klipu mpaka mwisho, kuna kitu wengi hawakukiona kwa sababu walikuwa wanasoma komenti. Staa akiwa anaondoka kwa hasira, anageuza pikipiki kwenye nyasi pembeni ya geti, tairi linachimba. Askari anasubiri vumbi litulie. Halafu anainama, anaanza kufukia kwa mguu.

Wadau mnasemaje? Wapewe njia yao, au wabaki lami? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana.