Mafuta ya Breki Yabadilishwe, Yasiongezwe Tu

Wenye vyombo vya moto wa Mtwara ni watu waangalifu katika jambo la oili ya injini. Tajiri wa bajaji ambaye hana hata daftari la mahesabu huijua kwa kichwa siku oili ilipomwagwa na siku itakapomwagwa tena, kwa kuwa injini ikifa, hesabu ya jioni hufa pamoja nayo. Lakini mafuta ya breki, ambayo ndiyo yaliyoshika dhamana ya roho za waliomo chomboni na za wapitao kando ya njia, aghalabu hukaa katika mabomba yake tangu chombo kinunuliwe hadi kiuzwe kwa mtu wa pili, na matunzo yake yote ni kuongezwa kidogo kila yanapopungua. Ada hii ni mbaya kila mahali, na katika pwani hii, kuanzia Mikindani hadi maingilio ya mto Ruvuma, ni mbaya zaidi. Na mtu wa kwanza kuulizwa juu yake si dereva wala fundi, bali ni mwenye chombo.

Breki ya mafuta imejengwa juu ya tabia moja ya majimaji, nayo ni kwamba hayakubali kubanwa yakapungua, hata nguvu itiwayo upande mmoja wa bomba hutokea upande wa pili. Kanuni hiyo aliibainisha Blaise Pascal, mwanachuoni wa Ufaransa, katika karne ya 17. Mmarekani Malcolm Loughead akaitwaa, akaifanya breki ya gari na kuipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1917, na mwaka 1921 magari ya Duesenberg yalikuwa yakitoka kiwandani na breki za namna hiyo katika magurudumu yote manne. Kanuni ni ile ile leo katika Land Cruiser ipandayo mchanga wa Msimbati, katika bajaji izungukayo mjini kutwa, na katika pikipiki ya magurudumu manne iliyotengenezwa kwa ajili ya njia zisizo njia: mguu au mkono husukuma masta silinda, masta husukuma mafuta, mafuta husukuma pedi au viatu vya breki, na gurudumu husimama. Kutoka masta hadi gurudumuni hakuna waya wala fimbo. Kilichopo ni mafuta peke yake.

Mafuta yatumikayo zaidi, yale yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4 juu ya kopo, asili yake ni glaikoli, na glaikoli huvuta unyevu wa hewa kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni katika miezi ya mvua. Unyevu hupenya polepole katika mipira ya breki na katika tundu dogo la kupumulia lililo kwenye kifuniko cha tangi la mafuta hayo, wala haungoji mtu akosee. Nasi tunakaa mahali ambapo hewa imejaa bahari usiku na mchana, na ambapo kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili mvua huongeza juu yake. Kwa kipimo kilichowekwa, DOT 3 mapya hayapaswi kuchemka kabla ya kufika nyuzi 205 za selsiasi. Yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230, nayo hushuka hadi 155. Basi ni bayana kwamba mafuta yaliyozeeka si mafuta yale aliyoyanunua mtu, hata kama tangi limejaa pomoni, na kuyaongezea machache mapya hakuyaondoi maji yaliyokwisha kuingia.

Hatari yake hujificha, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Asubuhi, chombo kikiwa kimepoa, mafuta yenye maji hushika sawasawa na mafuta mapya. Dereva hukanyaga pedali akaiona ngumu, askari wa barabarani naye akikanyaga huiona ngumu, na wote wawili husema kweli waliyoiona. Lakini gari lenye shehena likiteremka kutoka Newala, iliyo juu ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, kuelekea bonde la Ruvuma, na dereva akalibana breki mwendo mrefu pasipo kurudisha gia, pedi na ngoma hupata moto, moto hupita katika silinda za magurudumu, ukayafikia mafuta. Maji yaliyomo huchemka yakawa mvuke. Na mvuke, kinyume cha majimaji, hubanwa. Pedali iliyokuwa ngumu kileleni huzama hadi sakafuni katikati ya mteremko bila ya mafuta kuvuja hata tone moja, na baada ya ajali, vyuma vikishapoa, hurudi kuwa ngumu kana kwamba haikutenda kosa. Ndipo watu husema breki zilikataa, habari ikaishia hapo, na kadari ikabebeshwa taksiri ya mwanadamu.

Maji hayo hayo, hata yasipochemka, hula chuma kwa ndani: pistoni za silinda hushika kutu, kutu hukwaruza mipira, na gurudumu moja hubana huku jingine limelegea, chombo kikavutwa upande kila breki inapokanyagwa. Kwa nje, chumvi ya bahari hufanya kazi yake juu ya nipo za kutolea upepo, hata fundi akitia spana, nipo hukatika shingo na kubaki ndani ya silinda, naye akajikuta anadaiwa kipuri cha mtu kwa kazi ambayo malipo yake hayafiki nusu ya bei ya kipuri hicho. Hofu hii ya mafundi siilaumu. Ni sababu kubwa inayowafanya waongeze mafuta na kumwambia mteja aende salama, kuliko uvivu wanaosingiziwa. Lakini nipo inayofunguliwa kila mwaka, ikapakwa grisi kidogo kwa nje na kuvikwa kofia yake ya mpira, haikatiki. Ikatikayo ni ile iliyosahauliwa miaka.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Fundi husafisha kwanza tangi la masta na pembezoni mwa nipo, mchanga usije ukaingia. Hunyonya mafuta machafu yaliyomo tangini na kujaza mapya, kutoka katika kopo lililofunguliwa siku hiyo hiyo, kwa maana kopo lililokaa wazi rafuni limekwisha kunywa unyevu. Kisha huvika nipo mpira mwembamba mweupe, ncha ya pili akaitumbukiza katika chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzake hukanyaga pedali polepole mara kadhaa na kuishikilia. Fundi hulegeza nipo, mafuta meusi hutoka pamoja na mapovu, pedali huzama, nipo hufungwa, na ndipo mguu huinuliwa. Mguu ukiinuliwa kabla nipo haijafungwa, upepo huvutwa ndani na kazi huanza upya. Tangi likiachwa kukauka, ni vivyo hivyo, na kwa pikipiki ya magurudumu manne, ambayo tangi lake la breki ya mbele liko juu ya usukani na ni dogo mno, macho hayapaswi kubanduka hapo. Huendelea hivyo gurudumu baada ya gurudumu, kwa taratibu iliyomo katika kitabu cha mtengenezaji, mpaka yatoke mafuta safi yasiyo na povu hata moja. Yaliyotoka hayarudishwi tangini, wala hayamwagwi mtaroni yakaenda kwenye mikoko, maana ni sumu. Na yakidondokea rangi ya gari yaoshwe mara moja kwa maji, kwa kuwa huibambua.

Oili ya injini au ya haidroliki isitiwe humo kamwe, hata kwa safari ya kufika nyumbani. Huvimbisha mipira yote, na baada ya hapo dawa ni kuibadilisha mipira yenyewe.

Sasa nirudi kwa mwenye chombo. Dereva wa bajaji hupeleka hesabu kila jioni, akabaki na kilichozidi. Siku bajaji ikilala gereji, yeye hulala njaa, na tajiri aghalabu huidai hesabu ya siku hiyo ilipwe siku nyingine. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajitolee nusu siku na fedha ya kopo kwa ajili ya mafuta ambayo asubuhi bado yanashika, ni kumtwika mzigo usio wake; insafu yataka aliye na mali agharimie usalama wa mali yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imekwisha kukataza chombo kibovu kutumika njiani, na chombo kinachoteremka mlima na maji katika mabomba ya breki ni kibovu hata kama taa zake zote zinawaka. Kadhalika idara na makampuni yenye magari katika njia za Madimba, Msimbati na Kilambo, ambayo hupita mchangani na kukanyaga maji ya chumvi, hayana udhuru, kwa kuwa yana bajeti ya matengenezo na watu wa kuisimamia.

Watengenezaji wengi huagiza mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Kwa pwani yetu, na hasa kwa vyombo viingiavyo ufukweni, rai yangu ni mwaka 1, na tarehe iandikwe kwa rangi karibu na tangi, ili dereva, fundi na askari waisome bila kuuliza. Ewe tajiri ambaye hukumbuki ni lini mafuta ya breki ya chombo chako yalibadilishwa, kipeleke gereji juma hili, lipia kopo jipya na kazi ya kutoa upepo, na hesabu ya siku hiyo msamehe dereva wako.