Mgeni akifika Lamu kwa mashua, faida ya sahani ya samaki ni ya nani?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Katika Kisiwa cha Lamu msemo huo una sharti lake: mgeni hana budi kuja kwa chombo. Anayesafiri kwa ndege hutua Kisiwa cha Manda, kisha huvuka kwa mashua. Anayekuja kwa basi hushukia Mokowe, naye pia huvuka. Akishafika, mikahawa mingi ya ufuoni anayoitafuta, iwe Shela, Manda au Kipungani, huifikia kwa mashua.

Tangu barabara ya Garsen hadi Lamu iwekwe lami, safari ya nchi kavu imekuwa nyepesi. Hiyo ni habari njema kwa mkulima wa Mpeketoni au Hindi, lakini barabara hiyo hiyo huleta pia nyanya na vitunguu kutoka kwingineko. Kwa hivyo, mkulima na mchuuzi wanapaswa kujua pesa za mgeni huyu zinapitia wapi kabla hazijawafikia, kama zinawafikia.

Nitaanza na yaliyonikuta mimi. Tulikuwa watu sita. Nahodha alipita mikahawa miwili yenye wateja tele, akatuteremsha kwenye wa tatu uliokuwa mtupu. Hapakuwa na bei iliyoandikwa popote. Tulingoja chakula kwa karibu saa mbili, na samaki aliyeletwa alikuwa wa barafu ya siku nyingi. Tulipomaliza, maji yalikuwa yamekupwa, tukatembea kwenye tope hadi magotini kuifuata mashua. Jioni nahodha alituambia bila kificho kuwa hulipwa kwa kila kundi analolipeleka pale.

Kisa hicho kinaonyesha mambo ambayo mgeni anayetafuta mahali pazuri pa kula anapaswa kuyachunguza. Ni hayo hayo ambayo mwenye mkahawa anapaswa kuyatengeneza kabla ya kununua viti vipya.

La kwanza ni maji kujaa na kupwa. Katika pwani yetu, siku za bamvua bahari hupanda na kushuka kwa takriban mita 3. Siku hizo, ambazo huwa karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana kuelekea saa nne asubuhi na kujaa alasiri. Mkahawa ulio kwenye kina kifupi huwa mgumu kufikiwa kwa mashua wakati ambapo wageni wa chakula cha mchana wanaanza kutoka. Wanaokwenda kutazama magofu ya Takwa kisiwani Manda wanalijua hili, kwani mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko huingilika vizuri maji yakijaa. Mwenye mkahawa mwerevu hubandika saa za maji ukutani na kumwambia mgeni kwa simu afike saa ngapi. Ngazi imara ya kushukia ina thamani kuliko paa jipya la makuti.

La pili ni bei. Iandikwe ubaoni, mahali ambapo mgeni anaweza kuisoma kabla hajaketi.

La tatu ni samaki mwenyewe. Aonyeshwe akiwa mzima kabla ya kupikwa: macho yang'ae, matamvua yawe mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Mgeni anayepiga simu asubuhi na kuagiza tewa, pweza au kambakoche humwezesha mpishi kununua kiasi kinachohitajika tu, na hasara ya samaki kulala hupungua.

La nne ni maji baridi na choo safi. Mji wa Lamu hutegemea visima vya michanga ya Shela, na Manda ina uhaba mkubwa wa maji. Kila mtungi unaovushwa kwa mashua ni gharama inayoingia katika bei ya sahani.

Kuhusu vinywaji, mgeni asitarajie baa kila kona. Lamu ni mji wa Kiislamu na mahali panapouzwa pombe ni pachache. Hapo ndipo penye nafasi ya mkulima. Madafu, sharubati ya maembe, ukwaju na ndimu huuzika katika kila mkahawa, na vyote vinaweza kutoka katika mashamba ya kaunti hiyo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue mfano tu. Watu 6 wanakula chakula cha Sh1,500 kila mmoja, jumla Sh9,000. Tuseme nahodha anapewa asilimia 15, yaani Sh1,350. Mwenye mkahawa ana njia tatu za kuifidia pesa hiyo: kupandisha bei, kupunguza sahani, au kuchelewesha malipo ya waliomuuzia samaki, nazi na mboga. Ya tatu ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu mkulima hayupo pale mezani kulalamika. Nahodha hulipwa papo hapo, mkulima huambiwa arudi mwisho wa mwezi.

Nahodha naye tusimfanye mwizi. Ananunua petroli, anatunza injini na kungoja saa nyingi juani. Anastahili kulipwa. Kosa ni malipo kufichwa ndani ya bei ya samaki. Afadhali mgeni akubaliane naye tangu mwanzo nauli ya kwenda, kungoja na kurudi, na mkahawa umpe nahodha chakula. Hapo atakuwa huru kumpeleka mgeni panapopikwa vizuri.

Kwa mkulima, nina mashauri matatu. Kwanza, msiuze mmoja mmoja. Gunia la nazi kutoka Mpeketoni hupanda gari hadi Mokowe, hushuka kwenye mashua, kisha hupanda punda au mkokoteni. Kila hatua ina malipo yake. Wakulima kumi wakipakia pamoja, gharama ya kila mmoja hushuka.

Pili, dai nusu ya malipo wakati wa kukabidhi mzigo, na nusu iliyobaki iandikwe na kupewa tarehe. Mkahawa usioweza kutoa nusu hauna biashara ya kukutegemeza.

Tatu, panda kwa kalenda ya wageni. Msimu mkubwa ni wakati wa kaskazi, hasa Desemba. Upepo wa kusi unapovuma, bahari huchafuka na baadhi ya hoteli hufungwa mnamo Mei na Juni. Tikiti maji huchukua takriban siku 80 hadi 90. Anayetaka kuuza katikati ya Desemba apande katikati ya Septemba, akiwa na maji ya kunyunyizia kabla ya mvua za vuli.

Wageni wanakuja, na mashua zipo. Kabla ya Desemba nyingine, kila kikundi cha wakulima kiteue mtu mmoja avuke, azungumze na mikahawa mitano, na arudi na maagizo yaliyoandikwa.