Maoni: Sanduku ndani ya gari la kijana lipime uendeshaji, lisihukumu zamu ya usiku

Kuna neno linalorudi mara nyingi siku hizi kwenye sauti munazotutumia kwa WhatsApp: sanduku jeusi. Mama mmoja aliuliza kwa nini mtoto wake aliye Uingereza amekataa zamu ya usiku kazini, akisema gari lake litamshitaki. Baba mwingine aliuliza kama ni kweli kwamba serikali ya kule inawafuata vijana wetu kila wanapokwenda. Maswali hayo yanastahili jibu. Kwanza nitaeleza jambo lenyewe, kisha nitatoa maoni yangu.

Familia nyingi za hapa mashariki, zile zilizokimbia vita na zile zilizozipokea, zina mtoto, mpwa ao mjukuu kule. Kuanzia mwaka 2004, Uingereza ilipokea wakimbizi kupitia mpango wake na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR. Wakongomani walikuwa kati yao, na wengine walipelekwa katika miji kama Sheffield na Hull. Watoto waliofika wakiwa wadogo leo ni vijana wa kuendesha gari. Kule kijana anaweza kupata permi akiwa na miaka 17.

Lakini permi peke yake haitoshi. Sheria ya Uingereza inalazimisha kila gari linalotembea barabarani kuwa na asiransi, na hilo limekuwepo tangu mwaka 1930. Kwa kijana wa miaka 17 ao 18, asiransi ya mwaka wa kwanza inaweza kupita pauni 2,000, yaani karibu dola 2,500 ao zaidi. Mara nyingine asiransi inapita bei ya gari lenyewe, kwa sababu kijana amenunua gari kuukuu.

Kwa nini bei hiyo? Kampuni haimjui kijana. Inaangalia umri wake, mtaa anaokaa, aina ya gari na kazi yake. Inajua kwamba vijana wanapata ajali nyingi kupita watu wazima, basi inawatoza wote kana kwamba wote ni wazembe. Sisi tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na asiransi inafanya hesabu hiyo hiyo. Hata mtaa una bei yake. Mwaka 2022 shirika Citizens Advice lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba katika mitaa yenye watu wengi weusi na wenye asili ya Asia, watu walikuwa wanatozwa asiransi ya gari kwa bei ya juu zaidi. Zamani wasichana walilipa kidogo kuliko wavulana, mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipoamua mwaka 2011 kwamba bei isipangwe kwa kuangalia kama mtu ni mwanamume ao mwanamke. Uamuzi huo ulianza kutumika mwezi wa 12 mwaka 2012.

Hapo ndipo sanduku jeusi linapoingia. Ni chombo kidogo kinachofungwa ndani ya gari, mara nyingi chini ya sehemu ya mbele ambapo macho hayafiki. Kina GPS ya kujua gari liko wapi, kipimo cha kuhisi gari linavyoruka ao kushtuka, na kadi ya simu ya kupeleka habari kwa kampuni. Kampuni nyingine hazifungi sanduku, zinatumia programu ndani ya telefone ya kijana. Chombo kinapima mwendo, namna anavyofunga breki, namna anavyokata kona, kilomita anazofanya na saa anazotembea. Mwisho kijana anapewa alama kama za shuleni. Akiwa na alama nzuri, bei inaweza kushuka anapofanya upya mkataba. Akizidisha mwendo tena na tena baada ya kuonywa, kampuni inaweza kuvunja mkataba wake.

Kwa baba aliyeuliza kuhusu serikali: hapana, sanduku si la serikali. Ni mkataba kati ya kijana na kampuni ya asiransi. Sanduku la kawaida halina kamera wala halirekodi maongezi ndani ya gari. Polisi wanaweza kuomba habari zake pale sheria inaporuhusu, kama baada ya ajali kubwa, lakini hawakai wakimtazama mtoto wako kila siku.

Mimi naunga mkono sanduku hilo, na nina sababu mbili.

Ya kwanza, linampima mtu kwa matendo yake. Kijana wetu aliyefika kule bila jina na bila historia anatozwa kufuatana na umri na mtaa, vitu viwili ambavyo hawezi kubadilisha. Namna ya kuendesha anaweza kuibadilisha. Sanduku linampa nafasi ya kuonyesha kwamba yeye si yule samaki aliyeoza, na linamzuia kukimbiza gari. Kijana anayejua kwamba mwendo wake unaandikwa anafikiri mara mbili kabla ya kukanyaga mafuta. Tumezika vijana wa kutosha hapa kwetu kwa sababu ya mwendo wa kasi.

Ya pili, sanduku linaweza kuwa shahidi. Ajali ikitokea na mtu akisema kijana ndiye aliyekuja mbio, sanduku linaonyesha mwendo wake, mahali alipokuwa na wakati alipofunga breki. Mgeni ambaye bado anatafuta maneno ya Kiingereza mbele ya polisi anahitaji shahidi wa namna hiyo kuliko mwenyeji anavyomhitaji.

Lakini kuna jambo moja ambalo silikubali, nalo ni lile la mama aliyeuliza juu ya zamu ya usiku.

Mikataba mingi inahesabu safari za usiku, hasa kati ya saa tano za usiku na saa kumi na moja za alfajiri, kuwa hatari. Kijana anaweza kwenda polepole, kufunga breki vizuri, kufika salama, na alama yake ikashuka kwa sababu ya saa tu. Mikataba mingine, zaidi ile ya zamani, ilimtoza feza za ziada kwa safari za saa hizo.

Kampuni zina hoja yao, na ni ya kweli. Usiku ni hatari, na ni hatari zaidi kwa kijana anayetoka sherehe na marafiki watatu ndani ya gari, muziki juu. Ajali za namna hiyo zimeua wengi. Lakini kijana wa kikimbizi anayetoka saa nne za usiku kwenda kupanga mizigo kwenye depo, kusafisha maofisi ao kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, huyo hatoki sherehe. Amekwenda saa hizo kwa sababu ndiyo kazi aliyopata. Na saa hizo mabasi ni machache, katika sehemu nyingine hakuna kabisa. Ndiyo maana alinunua gari.

Hapa ndipo jambo la Uingereza linapofika mpaka kwenye meza yetu. Zamu ya usiku ya mtoto ndiyo minerval ya wadogo zake hapa. Ndiyo kodi ya nyumba ya familia iliyotoka kijijini mikono mitupu. Ndiyo dawa ya nyanya. Kijana akikataa zamu ili kulinda alama zake, mwisho wa mwezi anatuma kidogo, ao hatumi. Mfano wa hesabu uliochorwa mbali sana unapunguza unga katika nyumba ya mkimbizi ambaye hajawahi kuliona gari hilo.

Nasema kampuni zinaweza kurekebisha jambo hili bila shida. Chombo kinachojua barabara, saa na mwendo kinaweza pia kuona kwamba gari hili linafuata njia ile ile, saa ile ile, siku tano kwa wiki, na linasimama mbele ya depo mpaka asubuhi. Hiyo ni kazi, si mchezo. Kampuni iruhusu kijana kuleta barua ya mwajiri wake, na safari ya kwenda na kurudi kazini ipimwe kwa mwendo na breki, si kwa saa. Mashirika ya Wakongomani yaliyo kule yana kazi ya kufanya hapa: yaandikie makampuni, yakusanye mifano, yasiishie kupanga sherehe za tarehe 30 mwezi wa 6 tu.

Kuna pia wale wanaochukia sanduku kwa sababu ya kufuatwa. Nawaelewa. Mtu aliyeandikwa kwenye orodha nyingi, akapewa jetoni, akahesabiwa mara tatu kabla ya kupewa unga, anachoka kuandikwa. Mwingine alikimbia kwa sababu kuna watu waliojua mahali anapolala. Lakini dawa ya woga huo ni kutumia haki. Sheria ya Uingereza ya ulinzi wa habari za mtu, iliyotengenezwa upya mwaka 2018, inampa kijana haki ya kuiomba kampuni nakala ya habari zote inazomshikia. Kwa kawaida halipi kitu, na kampuni inapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Akiona habari si sawa, anaweza kudai zirekebishwe.

Sasa nataka kusema na sisi wazazi, wajomba na mashangazi tulio huku, kwa sababu mashauri yetu mengine yanawaponza watoto.

Shauri la kwanza baya ni lile la kusema: “Andika asiransi kwa jina la baba, itakuwa bei ndogo.” Kama kijana ndiye anayeendesha gari hilo kila siku, huo ni udanganyifu mbele ya sheria ya kule. Kampuni ikigundua, inaweza kufuta mkataba na kukataa kulipa ajali. Kuendesha bila asiransi kunaleta faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye permi, na polisi wanaweza kulichukua gari. Na kwa dereva mpya, pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza maana yake permi inafutwa. Anaanza tena mitihani kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

La pili, tusimlaumu kijana anapokataa kumwazima ndugu yake gari. Hapa kwetu kunyima gari ni majivuno. Lakini sanduku halijui nani amekaa kwenye usukani. Binamu akikimbiza, mwenye mkataba ndiye anayeshushwa alama. Na kama binamu hayumo kwenye mkataba, basi anatembea bila asiransi.

La tatu linatuhusu sana: simu. Tunapiga WhatsApp, hapokei, tunapiga tena mara tano, kisha tunasema amekuwa mzungu. Kule kushika telefone ukiendesha ni faini ya pauni 200 na pointi 6, na muna kumbuka pointi 6 zinafanya nini kwa dereva mpya. Kama asiransi yake iko ndani ya telefone, programu inaweza kuona kwamba ameishika. Asipopokea, acha ujumbe na umngojee. Atapiga akifika.

Wengine mutauliza: na sisi hapa? Asiransi ya gari inalazimishwa Kongo tangu sheria ya mwaka 1973. Kwa miaka mingi SONAS ilikuwa peke yake sokoni, mpaka sheria ya mwaka 2015 ilipofungua mlango, na kuanzia mwaka 2019 makampuni ya watu binafsi yakapewa ruhusa. Lakini kwa madereva wengi asiransi bado ni karatasi ya kumwonyesha polisi wa barabarani. Motari anayechukua abiria mmoja na kwenda polepole hapati faida yoyote juu ya yule anayebeba watatu akikimbiza. Wazo kwamba mtu mwangalifu alipe kidogo ni wazo jema hata kwetu.

Lakini sanduku lenyewe likiletwa leo kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka, lingehesabu kila shimo kuwa kosa la dereva. Kipimo kinapaswa kujua mahali kinapopimia. Ndivyo ilivyo pia kwa kijana wa Sheffield anayerudi kutoka kazini saa kumi za alfajiri: ni lazima anayempima ajue kwamba anatoka kazini.

Kwa hiyo, munapoongea na watoto, waambieni wasilikatae sanduku kwa woga na wasilikubali bila kusoma. Kabla ya kutia sahihi waulize kampuni mambo matatu: safari ya usiku ya kwenda kazini inahesabiwa namna gani? Nikionywa, nina nafasi ya kujieleza kabla mkataba haujavunjwa? Habari zangu zinakaa kwa nani, na kwa muda gani? Kampuni ikikosa jibu wazi, kuna nyingine. Na kijana aliyekwisha kufungiwa sanduku asiache zamu kabla ya kuuliza kwa maandishi. Pengine ruhusa ipo, na hakuna aliyemwambia.