Uhura aliagwa na kamusi mkononi

Wanachama wenzetu mnaopenda filamu za anga za juu mnaijua Star Trek ya sita, ya Desemba 1991, iliyowaaga waigizaji wote saba wa mwanzo. Mwishoni saini zao zinapita kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Kuaga kuzuri, hatukatai.

Ila sisi wa klabu ya Kiswahili tuna neno. Mmoja wa hao saba ni wetu kwa jina: Uhura, afisa wa mawasiliano, aliyechezwa na Nichelle Nichols. Jina limetoka kwenye "uhuru". Mfululizo ulipoanza kwenye televisheni, Septemba 1966, Kenya ilikuwa haijatimiza miaka mitatu tangu ijitawale, na katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa kiumbe mgeni anamlaghai Uhura kwa kumsemesha Kiswahili. (Herufi ya mwisho waliibadili ili jina liwe la kike. Kwa Kiarabu tungewaelewa. Kiswahili hakina mambo hayo.)

Sasa tazameni alivyoagwa. Meli inapita kituo cha ulinzi cha Waklingoni, na mashine ya kutafsiri haifai kutumika kwa sababu itatambulika. Bingwa wa mawasiliano, baada ya miaka 25 kazini, anapekua mabuku ya zamani pamoja na wenzake na kubabaisha sentensi mbovu. Watazamaji wanacheka. Watetezi wanasema ni mzaha tu. Mzaha ndio, lakini kwa nini umwangukie yeye, ambaye kazi yake ilikuwa lugha? Mashine ilimfanyia kila kitu, na siku ilipozuiwa hakubaki na la kusema.

Hapo ndipo filamu inapotugusa sisi wa Ibra, Sur na Nizwa. Bibi zetu waliorudi kutoka Unguja, wengine baada ya 1964, wengine baada ya 1970, wanatusemesha Kiswahili nasi tunawajibu kwa Kiarabu. Wao hawaoni kasoro, kwani tunaelewa. Lakini kuelewa bila kusema hakumfikishi mtu mbali: ndugu zetu wakipiga simu kutoka Zanzibar, wengi wetu tunampa bibi simu, au tunaandika ujumbe kwa programu ya kutafsiri, na wao huko wanatambua mara moja kwamba si sisi tuliosema.

Basi maoni yetu kwa kamati na walimu ni haya. Kila mwaka klabu inatafuta mgeni wa heshima kutoka mbali. Safari hii waalikwe mabibi wa Ibra na wazee wa Sur waliokulia kwenye majahazi, wanaojua kaskazi na kusi kwa majina na kwa mgongo. Wasiitwe kupewa shada na kupigwa picha. Wakae, waulizwe, wajibiwe kwa Kiswahili hata kama kinakwama, na mazungumzo yarekodiwe. Usafiri wa kutoka Sur tunaweza kuugawana. Wenye magari tunajuana.