Si Kelele, Ni Maswali
Anayeyaita maswali ya vijana mtandaoni kelele tupu amesahau Juni 2024. Wakenya waliufafanua Mswada wa Fedha kwa lugha za nyumbani, wakausambaza kwa video fupi za TikTok, wakawaandikia wabunge wao: wewe utapiga kura gani? Juni 25 wengine waliuawa barabarani walipoandamana kuupinga mswada huo. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Julai 5 akahojiwa mubashara kwenye mtandao wa X na vijana ambao Ikulu isingewafungulia lango.

Uongo upo mtandaoni, kweli. Na kwenye majukwaa ya siasa je? Tunaambiwa tungoje vikao vya hadhara. Ibara ya 118 ya Katiba inataka Bunge liwashirikishe wananchi, lakini muuza mboga hawezi kufunga kibanda aende kuketi ukumbini. Simu anayo. Mbunge amjibu hapo.