Gari la umeme na mteremko wa Salgaa: Hesabu ambayo serikali haijafanya

Kwa miaka mingi jina la Salgaa limekuwa likichapishwa magazetini sambamba na neno ajali, hata msomaji ambaye hajawahi kufika huko huenda akadhani ni jina la mkosi. Ukweli ni kwamba Salgaa ni soko changamfu katika eneobunge la Rongai, Kaunti ya Nakuru, yapata kilomita 30 kutoka jijini Nakuru ukielekea Eldoret. Hapo ndipo madereva wa matrela yanayotoka Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Congo huegesha, wakala na kulala, kisha wakaamka alfajiri kuukabili mlima wa Sachangwan na Mau Summit.

Mlima huo una historia chungu. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan na watu zaidi ya 100 wakateketea baada ya petroli waliyokuwa wakiichota kushika moto. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, katika mteremko uo huo, na watu 36 wakaaga dunia kabla ya kuuona mwaka mpya. Baadaye barabara ilipanuliwa na pande zake mbili zikatenganishwa. Hata hivyo, kabla na baada ya ukarabati huo, maafisa wa trafiki hawakuchoka kutaja kosa moja la madereva: kuweka gia huru, au “nyutro” kama wanavyosema wenyewe, ili gari lijiteremkie bila kuchoma mafuta.

La kusikitisha ni kwamba faida inayotafutwa kwa hila hiyo haipo. Injini za kisasa, ziwe za dizeli au petroli, hukata mafuta kabisa dereva anapoondoa mguu kwenye kichapuzi huku gari likiwa ndani ya gia. Anayeweka gia huru ndiye anayeendelea kuchoma mafuta, kwa kuwa injini yake lazima iendelee kunguruma polepole isije ikazima. Watu wamepoteza maisha kwa ajili ya akiba ambayo haikuwepo.

Ni kwa sababu hiyo mjadala kuhusu magari madogo ya umeme, ambao hadi sasa umekuwa mazungumzo ya wakazi wa Nairobi, unastahili kupelekwa Salgaa. Gari hilo linapoteremka, mota inayozungusha magurudumu hugeuka kuwa dainamo. Badala ya kula umeme, huuzalisha na kuurudisha kwenye betri, na kazi hiyo ya kuzalisha ndiyo inayolizuia gari kwenda kasi. Kwa maneno mengine, dereva anayeshuka kwa utaratibu ndiye anayelipwa na mteremko, ilhali anayeliachilia gari liserereke hapati kitu. Ada ya somo hili ililipwa kwa mazishi mengi. Sasa mashine inalifundisha bure.

Tufanye hesabu kidogo. Saluni ya umeme iliyobeba watu ina uzani wa takriban kilo 1,800. Kuipandisha mita 100 kunahitaji karibu nusu uniti ya umeme, mbali na ile inayotumika kusonga mbele. Kutoka Nakuru hadi Mau Summit ni mwendo wa kilomita 60 hivi na kupanda kwa zaidi ya mita 600. Iwapo gari hutumia uniti 15 kwa kilomita 100 za tambarare, safari ya kwenda itameza uniti tisa za mwendo na tatu za mlima, jumla 12. Wakati wa kurudi, mteremko utarejesha takriban mbili kati ya hizo tatu, na safari ikagharimu uniti saba. Kwenda na kurudi ni uniti 19. Ukikadiria uniti moja kwa Sh30, hiyo ni Sh570. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litahitaji lita 10, na kwa Sh180 kila lita, mwenyewe atatoa Sh1,800.

Kuna tahadhari moja ambayo wauzaji hawaitaji mara kwa mara. Betri iliyojaa pomoni haina nafasi ya kupokea kitu. Anayechaji gari hadi likajaa kule juu Molo au Mau Summit, kisha akaanza kuteremka mara moja, atagundua kwamba mota haimshikii gari kama alivyozoea, naye atategemea breki za kawaida. Ni heri kuchaji kiasi na kuuachia mteremko ujaze sehemu iliyobaki. Pia ieleweke kwamba mota haichukui nafasi ya breki, wala haimkingi mtu dhidi ya trela lililokatika breki nyuma yake.

Safari ya mlimani ni ya mara mojamoja. Kipimo halisi cha umiliki ni maisha ya kila siku, nasi tumtazame mwalimu, muuguzi au karani anayeishi Salgaa na kufanya kazi jijini Nakuru. Kwenda na kurudi ni kilomita 60, yaani uniti tisa. Soketi ya kawaida ukutani hutoa kilowati mbili hivi bila kulemewa, kwa hiyo saa nne na nusu zatosha kurudisha alichotumia. Anachomeka saa nne usiku, na kabla ya jogoo wa kwanza kuwika gari liko tayari. Hahitaji kituo cha petroli wala foleni. Kitu pekee ambacho hatakiwi kufanya ni kutumia waya wa kuunganishia wa bei rahisi, kwani soketi inayobeba mzigo huo kwa saa nyingi kila usiku hupata joto, na nyaya dhaifu huungua. Fundi wa stima avute laini ya peke yake kutoka kwenye swichi kuu.

Gharama yake ya umeme kwa siku ni Sh270. Mwenzake wa petroli hutumia lita tano, Sh900. Tofauti ni Sh630 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni Sh16,380 kila mwezi. Ikiwa gari la umeme linazidi lile la petroli kwa Sh1 milioni, itamchukua mnunuzi miaka mitano na ushei kurejesha fedha zake, mbali na anachookoa kwa kutobadilisha oili, plagi na vichujio. Mfanyabiashara anayesafiri kila siku hadi Eldoret atazirejesha mapema zaidi. Anayeendesha gari Jumapili tu kwenda kanisani hatazirejesha kamwe, na hana sababu ya kulinunua kwa ajili ya akiba.

Hata hivyo, ni katika mita ya nyumbani ambapo mambo hugeuka. Bei ya umeme wa nyumbani nchini hupangwa kwa ngazi: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini, wanaofika 100 hulipa ya kati, na wanaopita 100 hulipa ya juu. Uniti tisa kwa siku 26 ni uniti 234. Familia iliyokuwa ikiwasha taa, runinga na redio, ikitumia uniti 25 kwa mwezi, itajikuta ghafla katika ngazi ya juu kabisa, na bei hiyo itagusa hata taa za watoto wanaosoma. EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli, ilianzisha mwaka 2023 bei maalumu ya kuchajia magari: Sh16 kwa uniti, na Sh8 katika saa ambazo mahitaji ya umeme nchini yamepungua, kabla ya ada na kodi. Bei hiyo ni nzuri. Lakini huhitaji mita yake mbali na ile ya nyumba, na katika ploti za Salgaa, ambako wapangaji kadhaa wanategemea laini moja ya mwenye nyumba, mita moja ya ziada ni mazungumzo marefu. Mwenye nyumba atauliza nani atalipia transfoma ikizidiwa, na ana haki ya kuuliza.

Tena kuna kukatika kwa stima. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mwenye betri ya uniti 60 anaweza kustahimili siku tano au sita za safari ya Salgaa na Nakuru bila kuchaji, hivyo giza la usiku mmoja halimkoseshi kazi. Mwenye gari lililotumika kutoka Japan, ambalo betri yake ni ndogo na imechoka, hana raha hiyo.

Magari yaliyotumika ndiyo Wakenya wengi wanayoyamudu, nayo sheria inataka yasizidi umri wa miaka minane yanapoingizwa nchini. Kanuni hiyo ilibuniwa kwa ajili ya injini. Gari la umeme la miaka minane laweza kuwa na mwili mzuri na betri iliyopoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Katika Nissan Leaf, ambayo si saluni kamili lakini ndiyo iliyowafungulia wengi mlango, afya ya betri huonyeshwa kwa vistari 12 kwenye dashibodi. Mnunuzi avihesabu kabla ya kuitazama rangi. Pia aitazame plagi, kwa kuwa magari ya Japan, Ulaya na China hayatumii plagi ya aina moja ya kuchajia haraka. Waranti nayo inategemea uhai wa aliyeitoa: kampuni ya China inayounda Neta, gari lililozinduliwa Nairobi mwaka 2024, ilijikuta mwaka uliofuata katika kesi ya kufilisika.

Saluni, zaidi ya hayo, hukaa chini, na betri iko tumboni mwake. Matuta ya Salgaa na barabara za changarawe ziendazo mashambani hazimwonei huruma mtu. Mafundi wa jua kali walio hodari wa dizeli watahitaji mafunzo kabla ya kugusa nyaya za rangi ya machungwa, kwani volti zilizomo huua.

Hayo yote yana dawa. Lisilo na dawa rahisi ni suala la nani atalipia barabara. Tangu Julai 2024, kila lita ya mafuta hutozwa Sh25 za kukarabati barabara. Mwenye gari la petroli katika mfano wetu hulipa Sh125 kila siku bila kujua; wa umeme halipi hata senti. Serikali haitavumilia hilo daima, wala haifai ivumilie, kwa kuwa mashimo hayabagui magari.

Jibu, bila serikali kusema hivyo waziwazi, tayari liko njiani. Novemba 28, 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo inapita Salgaa, na ada iliyotangazwa kwa magari madogo ni takriban Sh8 kwa kilomita. Tumrudie karani wetu. Ikiwa atatozwa kwa kila kilomita ya safari yake, kilomita 60 zitamgharimu Sh480 kwa siku. Umeme wake ni Sh270. Barabara itakuwa ghali kuliko kawi inayolisukuma gari, na akiba ya Sh630 aliyoahidiwa itamezwa zaidi ya robo tatu. Kweli, mwenzake wa petroli atalipa ada hiyo hiyo, tena juu ya zile Sh125 za mafuta. Lakini mtu aliyekopa benki ili anunue gari la umeme hupiga hesabu ya kinachobaki mfukoni. Kwa upande mmoja serikali ilipunguza ushuru wa magari haya kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Kwa upande mwingine inamwekea mlipaji huyo huyo kizuizi cha ada mlangoni pake.

Ethiopia ilichagua njia ya mkato Januari 2024 kwa kupiga marufuku uagizaji wa magari ya petroli na dizeli. Magari ya umeme yameongezeka Addis Ababa, lakini wenye magari hayo wanasita kwenda mikoani kwa uhaba wa vituo vya kuchajia. Kenya haina haja ya marufuku. Inachohitaji ni kuona mahali ambapo magari tayari husimama.

Mahali hapo ni Salgaa. Kuna maegesho, hoteli, walinzi na watu wasiolala. Umeme haupo mbali: Olkaria iko katika kaunti hii hii, na Menengai, kando ya jiji la Nakuru, mtambo wa megawati 35 ulianza kuzalisha mwaka 2023. Mvuke wa ardhini haujui usiku wala mchana, na usiku wa manane, viwanda vikiwa vimelala, wanunuzi wake ni wachache. Kituo chenye chaja za kasi chini ya mlima kingemhudumia anayetoka Nairobi kwenda Eldoret kabla hajaanza kupanda, na karani wa ploti asiyekubaliwa na mwenye nyumba kuongeza mita.

Wajenzi wa barabara watachimba mitaro Salgaa kwa vyovyote vile. Kulaza mabomba ya nyaya na kutenga ploti ya transfoma wakati mitaro iko wazi ni gharama ndogo. Kuipasua lami mpya miaka mitatu baadaye ni zabuni nyingine. Wizara za Barabara na Kawi, pamoja na serikali ya Kaunti ya Nakuru, zinapaswa kuueleza umma iwapo michoro ya sehemu ya Salgaa ina vituo vya kuchajia, au ina vibanda vya kutoza ada pekee.